Mapazia ya Mzee Makofi

Mzee Makofi, fundi mitambo wa mahakama yetu, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kurekodi ushahidi. Niliombwa niandike wasifu wa furaha. Furaha sina. Juzi kamati ya sherehe ilishusha mapazia yake mazito katika ukumbi namba mbili ili maputo ya kumuaga yapate nafasi, na Jumatatu mama mmoja atasimama humo kueleza jinsi mwanawe alivyouawa.

Kwa wasiojua: ukumbi ule ni vigae na vioo vitupu. Sauti ya shahidi hugonga ukuta, hurudi na kulilalia neno linalofuata. Sisi tunaosikiliza rekodi na kuzichapa hupata uji badala ya maneno.

Mzee alipoanza kazi, mjane mmoja alitoa ushahidi asubuhi nzima. Rekodi ikatoka mwangwi mtupu, akaitwa arudie yote. Alifika katikati, akanyamaza, hakuendelea tena. Kesi ikafa. Jioni hiyo Mzee Makofi aling'oa mapazia ya sebuleni kwake akayaleta kazini yameze mwangwi. Mkewe alimnunia wiki nzima, na haki yake.

Tangu hapo hakutulia. Alitandika zulia, akapanga rafu za mafaili ukuta wa nyuma, akasogeza maikrofoni hadi shibiri moja na mdomo wa shahidi. Aligombana na kila mtu. Mimi alinitoa nje kwa sababu ya viatu vya visigino. Kila chumba alichoingia alipiga kofi moja na kutega sikio, kupima mwangwi. Hata alipompeleka mwanawe ukweni alipiga. Wenyeji wakadhani ndiyo salamu ya kwao, nao wakapiga.

Mkuu wa utawala ananiambia nipunguze hasira: "Siku hizi kompyuta inaondoa mwangwi yenyewe." Inaondoa, ndiyo, na nusu ya shahidi inaondoka nao. Rekodi hizo nimezichapa mimi. Yeye hajawahi kukaa na hedifoni masikioni akirudisha nyuma kilio cha mtu, tena na tena, ili apate tarehe.

Jana Mzee alipita akakuta kuta tupu. Nilidhani atafoka. Aliniuliza tu, "Mmeyaweka wapi, mwanangu?" Yapo stoo, chini ya viti vibovu. Akaondoka bila kuaga, naye si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Basi kamati isikie mapema. Ijumaa hotuba zikianza, sisi wachapaji tutakuwa juu ya ngazi, tunatundika. Maputo yatafute pa kukaa.

Nawe Mzee wetu, usije kutushikia ngazi wala kuturekebishia mikunjo. Kaa kitini, ule keki. Asante kwa kila neno lililotufikia likiwa zima. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na nyumba yenye kelele za wajukuu. Jumatatu mama yule atasema mara moja tu.