Nilivyoidanganya Mashine ya Macho

Assalaam aleykum, dada zangu. Niacheni nitembeetembee hapa mbele, sijazoea kusema mbele za watu.

Mnanijua kwa darizi za kanzu, na kwa miwani hii minene niliyovaa tangu utoto. Mbali sioni. Ila karibu, wallahi, nikivua miwani natunga uzi sindanoni mara moja, mpaka wenye macho mazima wananiletea sindano zao. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Nilikwenda kliniki kubadilisha miwani tu. Daktari, binti mdogo mpole, akayachungulia macho yangu kwa taa yake.

"Mama, mshipa wa jicho siupendi. Huenda ni glakoma, ugonjwa unaoua mshipa huo polepole mpaka mtu apofuke, hata kama presha ya jicho iko sawa. Lakini macho ya wenye miwani mikali ni marefu kwenda ndani, mshipa hukaa umepinda hata bila ugonjwa. Leo sikwambii ndiyo wala hapana."

Ndugu zangu, nawaambia, afadhali angesema ndiyo! Nilirudi nyumbani nikafua hata nguo safi.

Niliporudi kliniki wakanikalisha kwenye mashine ya kupima kama unaona pembeni. Unakazia macho nukta ya katikati, vitaa vinawaka pembeni, ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Mimi nikaona huu mtihani lazima nifaulu. Nikawa navizia vitaa huku na huku, nisipoviona nabonyeza kwa mapigo, kama mguu kwenye cherehani. Majibu yakawa vurugu. Niliporudi baada ya miezi minne, nikadanganya tena. Ningesema sioni, nani angeniletea kanzu ya harusi?

Siku moja vumbi likaniingia jicho la kulia. Nikalifunika kwa kitambaa, nikaitazama kazi kwa la kushoto. Kola ipo, darizi ya upande mmoja haipo. Nikafunua, ipo. Nikafunika, haipo. Nililia palepale, mteja akanishangaa.

Kesho yake nikaenda kliniki, siku isiyo yangu.

"Shikamoo mama, kulikoni?"

"Marahaba mwanangu. Kwenye mashine nilikuwa naotea."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akasema, "Macho yako hayafanani na ya wengi, mama, kwa hiyo nakulinganisha na wewe mwenyewe wa jana. Sasa huyo wa jana ulinificha."

Tukapima upya, nikabonyeza nilichokiona tu. Tukarudia wiki nyingine. Giza la jicho la kushoto likatokea mahali palepale, mara zote mbili, na daktari akasema sasa ni glakoma kweli. Dawa ya matone nikaanza siku hiyohiyo, na tangu hapo giza halijasogea. Lililokwisha kupotea halirudi. Nikikaribia tarehe ya kupimwa bado silali vizuri, sitawaficha.

Namshukuru daktari yule, na mume wangu anayenidondoshea dawa kila jioni bila kuchoka. Nanyi mlioniombea, Mungu awalipe.

Wenye miwani minene humu ndani, nawaona mnavyoinamisha vichwa. Nendeni mkapimwe. Binti yangu kavaa miwani kama hii yangu, kesho ni zamu yake kwenye mashine. Nimemwambia: usichokiona, mwanangu, usibonyeze.