Barafu Iliyotukaba Juu ya Dodoma

Sifa zote kwa Bwana aliyetushusha salama! Mbukwenyi, ndugu zangu, mbukwenyi nyote!

Wengi mnanijua. Mimi ni Eliseba, mkunga wa zahanati, yule mliyekuwa mkimcheka kwa kujifunika kanga kichwani radi ikipiga. Nilikuwa mwoga, sikatai. Leo nivumilieni nikijisifu katika Bwana!

Mnazikumbuka mvua zile, Mto Bubu ulipokata barabara. Mdogo wangu Damari alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na ujuzi wangu ukafika mwisho. Bila kufika hospitali ya Dodoma ningewazika wote wawili. Bwana D.C., mkuu wa wilaya aliyekuwa Dodoma, akatuitia ndege ndogo. Damari akalazwa nyuma, mumewe Yona akakaa kando yake. Mimi nikakaa mbele, kando ya rubani, Mwingereza mmoja mkimya.

Ndugu zangu, tulipoanza kushuka Dodoma, injini ikakohoa, ikaishiwa nguvu. Jua linawaka, hewa ina unyevu wa mvua, jasho linanitiririka, na rubani anasema, "Barafu." Nikadhani amepatwa na wazimu! Kumbe alijua. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa, kama mtungi unavyopoza maji siku ya joto. Ule unyevu ulikuwa umeganda mle ndani na kuziba koo la injini.

Palikuwa na kishikio cha kuingiza hewa ya moto, lakini kilikuwa kimelegea, kikivutwa kinarudi. Mikono ya rubani ilikuwa na kazi nyingine.

"Mama, vuta hiki! Shika, usiachie. Injini itatetemeka kwanza."

Nikavuta. Haleluya, ikatetemeka! Ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana barafu ilikuwa inayeyuka na injini inameza maji. Yona akanikamata mkono kutoka nyuma.

"Shemeji, achia! Unaiua kabisa!"

Damari analia, mapaa ya mabati yanatujia. Mwili wangu wote ulitaka kuachia. Nikapaza sauti, "Yesu, nishike nami nishike!" Kisha nikampiga shemeji yangu kiwiko. Ndiyo, nilimpiga, na sijutii! Ananicheka pale alipokaa.

Mara injini ikanguruma. Tukayavuka mabati, tukatua.

Siku hiyo hiyo daktari akampasua Damari, akatoa mtoto wa kike mzima kabisa. Na yule rubani alinivulia kofia mbele ya Bwana D.C. na watu wote uwanjani. Mimi! Mwanamke wa Kigogo niliyekimbia radi! Nilitembea kifua mbele, ndugu zangu, na bado natembea hivyo, kwa kuwa Bwana ndiye aliyenitia nguvu mkononi.

Wewe uliyeomba jana, na leo mambo ya nyumbani yamezidi kutikisika, nakusihi usimwachie Yesu. Huenda ndiyo barafu inayeyuka. Ahsante, Bwana! Damari, simama, mwinue huyo mtoto wamwone.