Mama Dirisha, Mwalimu wa Ngozi, Anatuachia Kliniki

Tarehe thelathini mwezi huu, daktari bingwa wa ngozi wa hospitali yetu atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye jalada la programu hii ya kuagana kwa wanaolihitaji. Sisi tunaofanya naye kazi tunamwita Mama Dirisha, na mkurugenzi mwenyewe humwita hivyo akijisahau. Mimi ni muuguzi msimamizi wa kliniki yake. Nimeombwa niandike kwa heshima na kwa ufupi. Heshima ipo, ufupi nitajitahidi.

Jina hilo lilimpata kwa haki. Siku alipokabidhiwa chumba cha kliniki alikuta kitanda cha kuchunguzia wagonjwa kimesukumwa kwenye kona, chini ya taa iliyompaka kila mtu rangi ya ndizi mbivu. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alishika upande mmoja, akamwomba mfagiaji ashike wa pili, wakakipeleka dirishani, wakatundika pazia jepesi la kumsitiri mgonjwa. Ngozi, alisema, hutazamwa kwa mwanga wa mchana. Kitanda hakijahama tangu siku hiyo.

Enzi hizo mwanafunzi wa udaktari alipewa wiki moja tu ya ngozi katika masomo yake yote, na wengi waliitumia kulipa deni la usingizi. Daktari aliyetaka ubingwa ilibidi aende ng'ambo, tena kama bahati imemkubali. Mama Dirisha akaanza kuwasumbua wakubwa. Aliingia kwenye vikao ambavyo hakualikwa, akaketi karibu na mlango, na wakifika kwenye mengineyo, yeye mengineyo yake ni ngozi. Haba na haba hujaza kibaba. Wiki ikawa mwezi, likaja darasa la kila Alhamisi kwa madaktari wa vituo vya nje, na hatimaye yakaanza mafunzo kamili ya ubingwa, hapa hapa, katika vyumba vyetu viwili na baraza.

Wanafunzi wake wote wanakumbuka neno lililopigwa marufuku. Vitabu vingi walivyokuja navyo vilikuwa na picha za ngozi nyeupe, na vikisema kwamba palipovimba pana wekundu. Basi kijana wa watu anainama juu ya mgonjwa mweusi tii, anatafuta wekundu, haoni, anaandika kwamba ngozi ni salama, na mgonjwa anawaka kama jiko. Mama Dirisha aliwafundisha kutazama weusi uliozidi, zambarau, kijivu, kisha kuweka mgongo wa kiganja na kusikia joto. Aliyetamka wekundu kabla ya kugusa alipanga viti vya baraza asubuhi iliyofuata. Kuna mkuu wa idara moja hapa, simtaji, aliyevipanga wiki nzima.

Sitamsifu mpaka niseme uongo. Mwenzetu huyu ana mdomo usiokaa. Mwanafunzi akianza kueleza, yeye keshamaliza. Mwenzake akimchunguza mgonjwa, yeye yuko bega kwa bega naye, anapumua shingoni mwake, na jibu limeshamtoka. Nimemkanya mara nyingi, ananiitikia vizuri sana, na kesho yake ni yale yale.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake yumo daktari tunayemwita Kisu, kwa sababu alikuja akitaka upasuaji na si kitu kingine. Kwake ngozi ilikuwa chunusi na muwasho, kazi ya kuwapa watu mafuta warudi makwao. Alikuwepo fundi cherehani mwenye baka hafifu kwenye mkono, lisilomwasha wala kumuuma. Kisu alimpa dawa ya fangasi. Fundi akarudi, akampa tena. Safari ya tatu Mama Dirisha akamkalisha fundi dirishani, akamwomba afumbe macho, akachomoa uzi wa pamba na kumgusa hapa na pale, fundi akionyesha kwa kidole anapoguswa. Pamba ilipofika kwenye baka, kidole hakikuinuka. Ulikuwa ukoma, bado mchanga, na dawa yake ipo. Fundi alipona na anashona mpaka leo. Kisu hakula mchana huo. Jioni alikwenda kuomba ahamishiwe ngozi.

Baadaye chuo kimoja cha ng'ambo kilitupa nafasi ya mafunzo ya juu, ya kusoma ngozi kwa darubini. Nafasi ilikuwa moja, na sote tulijua ni ya Mama Dirisha, maana alikuwa akiisubiri tangu kabla sisi hatujamjua. Akampeleka Kisu. Yeye, alisema, angekwenda mwakani. Hiyo mwakani haikufika, na mimi nilikasirika kwa niaba yake kwa sababu yeye hakukasirika.

Kisu alikaa huko muda mrefu, na watu wakasema huyo ndiyo basi tena. Mwaka jana tarehe ya kustaafu ilipokaribia ndipo tulipoona ukubwa wa jambo. Baraza la mafunzo haliruhusu ubingwa kufundishwa pasipo bingwa mwalimu wa kudumu, na mwalimu wetu alikuwa mmoja tu. Akiondoka yeye, mafunzo yanafungwa. Madaktari wawili waliokuwa katikati ya masomo wangerudishwa walikotoka, mmoja wao mama wa mapacha aliyemhamishia mama mkwe nyumbani kwake ili apate kusoma. Mama Dirisha alikonda. Nilimsihi ampigie Kisu simu amkumbushe fadhila. Alikataa katakata, akasema mwanafunzi si mdaiwa. Kisu alisikia habari kwa wengine, akarudi mwenyewe.

Kurudi peke yake hakukutosha. Wakaguzi watatu wa baraza la mafunzo walikuja kumwona akifundisha, na uamuzi wa kufunga au kutofunga ulikuwa wao. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mpishi wa shule, mzee mpole, miguu ina madoa meusi magumu. Kisu alitazama, akagusa, akauliza, akaangalia tena, na tena. Mama Dirisha alisimama karibu na sinki, nami niliujua uso ule: jibu alikuwa nalo, au aliamini analo. Mkaguzi mkuu akamgeukia, akamwomba asaidie. Mama Dirisha akafunga mikono nyuma, akamwambia kwa adabu kwamba daktari wa mgonjwa ni yule pale. Katika miaka yote niliyomjua, sijawahi kumwona akifanya kazi ngumu kama ile.

Kisu akamwambia mzee, kwa heshima zote, kwamba bado hajui. Akawaeleza wanafunzi madoa yale yanaweza kuwa nini na hayawezi kuwa nini, akamkabidhi mama wa mapacha achukue kipande kidogo cha ngozi, wakakisome wote kwa darubini. Mkaguzi mkuu akamuuliza kama haoni haya kusema hajui mbele ya mgonjwa na wanafunzi. Kisu akajibu kwamba kliniki hii ndiyo iliyomfundisha ubaya wa kujua haraka.

Hapo Mama Dirisha akatoka. Wagonjwa walikuwa hawajaisha, na hajawahi kutoka wagonjwa hawajaisha. Aliuvuta mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mtoto amelala, akaketi barazani kwenye foleni. Mama mmoja aliyechoka kungoja akamuuliza kama kuna haja ya kuendelea kukaa. Akamjibu asubiri tu, daktari aliyemo ndani ni mzuri.

Mafunzo hayakufungwa. Mama wa mapacha atahitimu mwakani, na maombi ya wanaotaka kuja yamezidi nafasi tulizo nazo.

Mama Dirisha, ahsante kwa macho uliyotupa. Ahsante hata kwa kelele. Nenda kapumzike na wajukuu, ulale hadi jua likuchoke, na afya ikuandame popote uendapo. Siku moja utasikia kwamba tumekwama na mgonjwa na hatujui la kufanya. Tunakuomba sana, usije. Kaa hapo hapo ulipo. Tutaangalia tena.