Bi Leontina Anastaafu, na Nyama ya Leo Si Yake

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka tisa ya utumishi usio na doa, Bi Leontina anastaafu rasmi katika maabara yetu ya hapa Canelones. Hajawahi kuchelewa kazini, wala kuomba ruhusa ya kumzika shangazi aliyekwisha kuzikwa mwaka juzi. Ni mbuzi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alidungwa kiasi kidogo cha ile protini inayopanda katika damu ya binadamu kukiwa na uvimbe mwilini. Mwili wake ukaiona mgeni, ukatengeneza kingamwili za kuikamata. Sisi tukachota damu yake kidogo, tukachuja hizo kingamwili, tukatengenezea vipimo vya hospitali, kisha tukaandika majina yetu kwenye makala za kisayansi. Yeye alipata majani makavu na, mara moja, kofia ya mjumbe wa wizara, aliyoila mbele ya mwenyewe.

Mwaka huu Mkurugenzi wetu, Dk. Washington Bentancur, aliamua kwamba mbuzi ni ushamba. Akaagiza kingamwili za chupa kutoka ng'ambo, zenye lebo ya dhahabu. Kwa vipimo vya chupa hizo kila mtu alionekana mzima, hata Mkurugenzi mwenyewe, aliyekuwa amejikunja kitini akishika tumbo. Dk. Nelly Olivera, mkuu wa vipimo, akaipima tena damu ya bosi kwa kingamwili za Leontina. Kipimo kikaruka juu. Jioni ile bosi akatolewa kidole tumbo.

Shukrani ya punda ni mateke. Alipopona akatangaza sherehe hii ya kuagana, yenye nyama choma, huku akimkagua Leontina kuanzia shingo hadi mapaja.

"Keshazeeka huyo. Tumuage kwa heshima, na kitunguu saumu."

"Huyo ndiye aliyekuokoa!" Nelly akang'aka. "Leo unataka kumtafuna?"

"Kazi ni kazi, Nelly. Huruma tuiache nyumbani."

Sasa, hapa kwetu kila Ijumaa huchomwa nyama, na moto huo una mwenyewe, na hakuna agusaye kaa la mwenzake. Wetu ni wa Wilson Etcheverry, dereva. Wilson akasonya, akafungia koleo lake ndani ya gari.

"Mimi siwashi, bosi. Choma mwenyewe na hizo chupa zako."

Maabara hii imewahi kukaa bila maji, bila dawa, hata bila mkurugenzi. Ijumaa bila moto haijawahi. Kabla ya chakula cha mchana Dk. Bentancur alishagundua kwamba siku zote alimpenda sana mnyama huyu.

Kwa hiyo koleo likatoka, na ubavu ulio mezani ni wa ng'ombe, kwa hisani ya Mkurugenzi. Bi Leontina anahamia shambani kwa dada wa Nelly, kule Tala. Nitamkumbuka sana; kila asubuhi nilimsalimia yeye kwanza, bosi baadaye.

Asante kwa damu yako, Leontina. Wastaafu wengine huwa tunawatakia maisha mema. Wewe tunakutakia maisha, na bosi akibadili nia, koleo la Wilson litarudi garini.