Mary Ann Nanyama na Mkebe wa Akina Mama

Mary Ann Nanyama, ambaye leo, tarehe 29 Machi 2025, tumemrudisha nyumbani kwake hapa Endebess, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1967 huko Matulo, karibu na Webuye, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Walubengo na Mama Rasoa, na waliotoka upande huo watakubali kwamba tangu utotoni alikuwa na kichwa kigumu na mkono mwepesi wa kutoa.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1974 pale pale Matulo, akafanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 1980, akajifunza ushonaji mjini Bungoma kuanzia 1982 hadi 1983, kisha akashona sare za shule sokoni mpaka alipoolewa, na sketi zake zilikuwa zinarithiwa hadi na mtoto wa tatu.

Tarehe 8 Disemba 1990 alifunga ndoa na Mzee Noah Kiplangat, akahamia huku, akakuta ng'ombe wawili na lugha asiyoielewa, akavimudu vyote, na Mungu akawajalia watoto watatu, Joan Jeruto mwaka wa 1995, Kevin Kipruto 1998 na Emmy 2003. Joan ndiye yule mwenye digrii ya mikrobiolojia tangu 2019, ambayo waajiri wa nchi hii wameiangalia, wakaisifu, wakasema tutakupigia, kwa hivyo anauza kava za simu Kitale.

Mwaka wa 2008, katika kikundi cha akina mama wa kanisa, marehemu alianzisha jambo ambalo wengi mlioketi hapa limewafikia, yaani mkebe. Mtu akipewa dawa hospitalini, akisikia nafuu siku ya tatu, aliacha kumeza, akaleta zilizobaki kwa Mama Joan ili mwingine asaidike, na ule mkebe wa majani chai ukajaa tembe za kila aina, rangi mbili, zile kapsuli za kuua bakteria, zikiwa nyingi kuliko zote, hata watu wa Suam walikuwa wanatuma. Tusidanganyane, ulikuwa upendo, na yeye mwenyewe hakuwahi kumaliza dozi, aliona kumaliza ni uchoyo. Joan alipomweleza kwamba vijidudu vinavyobaki huwa sugu, halafu vinahamia kwa jirani vikiwa tayari sugu, mama alicheka akamwambia, "Wee Joan, hiyo digrii ikupatie kazi kwanza, ndio ikuje kunifunza mambo ya dawa," na boma lote likacheka.

Tarehe 3 Machi mwaka huu alikatwa kidole na seng'enge akifunga ndama, akafungua rangi mbili, akamwagia unga wake kwenye kidonda, akafunga na leso, akameza mbili za hii na tatu za ile. Kufikia tarehe 9 mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, Kevin akampeleka hospitali Kitale, usaha ukapimwa, na jibu likaja kwamba bakteria yule, wa aina inayozunguka sasa majumbani mwetu, si wodini tu, amekataa dawa saba kati ya tisa. Daktari alipouliza amewahi kutumia dawa gani, alijibu, "Kidogo kidogo ya kila kitu, daktari," na safari hii hakuna aliyecheka. Mbili zilizobaki zilijaribiwa, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, figo zikashindwa, na tarehe 21 Machi, saa nne asubuhi, baada ya kuuliza kama ndama amenyweshwa, akatutoka.

Wazee walitaka iandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi, na familia, kwa heshima zote, imekataa. Nao wanaonong'ona langoni ati amerogwa, ati waya haiwezi ua mtu, si mje muone karatasi ya maabara, iko na Kevin. Tunasema haya wazi maana jana dada yake Mzee Noah, shangazi Everlyne, aliyefua bandeji za marehemu kwa mikono yake, aliingia jikoni na jipu kwapani, akaomba mkebe, tembe mbili tu za rangi mbili, zimfikishe mwisho wa mazishi. Mkebe haupo, Joan aliupeleka zahanati Jumatatu ukaharibiwe, na shangazi amekataa hospitali, ati hawezi kuacha wageni. Mzee Noah amemwambia, "Everlyne, mimi sitaki kuchimba kaburi ingine wiki ijayo," lakini shangazi bado ameketi hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana, majirani waliokamua ng'ombe bila kuombwa, kwaya, na mafundi wenzake wa zamani kutoka Bungoma. Shangazi, utuwie radhi kwa kukutaja mbele ya watu, udongo wa kwanza utautupa wewe, kisha Kevin anakusubiri langoni na gari, na chakula utawekewa. Nawe Nanyama, mama yetu, pumzika kwa amani, wageni wako tutawahudumia sisi.