Aliyekwenda Nyotani Bila Kuagwa

Kijiwe chetu cha Ng'ambo kiko mbele ya banda langu la baiskeli: gogo moja, taruma moja la reli lililochakaa, na birika la kahawa la Mabruki. Mwaka huo wa sabini na nne watu walikuwa wanahamia vijijini; Raymundi, karani wa tumbaku, yeye akamhamishia mtu nyotani. Hadithi ya kurasa arobaini, kwa ajili ya shindano la gazeti la Dar. Posta ilikuwa iondoke na treni ya saa kumi, na siku ya mwisho ndiyo hiyo. Akaja saa nane atusomee, tumwambie kweli. Alikosea mlango.

Chombo kilikuwa na injini saba. Bundala, tunayemwita Injini kwa kuwa alichochea makaa ya garimoshi miaka tisa, akasema ni chache.

— Weka kumi na mbili, na joka la chuma. Watu wanataka kuburudika.

— Na huyo msafiri? akauliza Mabruki. Hana hata jino bovu. Asiyeumwa popote ni mtu huyo?

— Kazi yake kubonyeza vifungo, akasema Injini.

Mimi sizunguki. Nikasema hadithi ni baiskeli: ikienda, nani anamtazama mpandaji? Mabruki akasema ndiyo maana wateja wangu wanachechemea. Nikamwambia achukue kahawa yake, ila nilikuwa nimeshaimeza. Injini akapendekeza msafiri afutwe, chombo kijiendeshe. Mabruki akataka chombo kifutwe, libaki jino, kurasa zote arobaini. Raymundi akafunga bahasha kwa gundi yangu ya viraka.

Mwanne wa Usoke, aliyefuata gurudumu lake, alikuwa amesimama muda wote akisikiliza.

— Shikamooni, baba zangu. Babu yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Siku ya kuondoka ukoo mzima ulimsindikiza hadi mtoni, na bibi hakufagia ile njia, asifute nyayo zake, mpaka aliporudi. Huyu wa nyotani, nani alimsindikiza?

Tukaitikia marahaba. Injini, aliyezijua injini zote, akatazama viatu vyake. Mabruki akainamisha birika, likatoa machicha.

Raymundi akaichana bahasha, akaniomba penseli ninayowekea alama matundu. Treni ikapiga honi. Injini akamgusa bega: ndiyo hiyo inaondoka.

— Iende tu, akasema Raymundi, bila kuinua kichwa karatasini. Mama wa msafiri ndiyo kwanza anajifunga kanga.