Mama Dancille na Ng'ombe Waliopakwa Chokaa

Wapendwa wa parokia, majirani, na hata ninyi muliopanda mulima huu bila kuitwa, karibuni. Familia imetuma muntu mumoja asimame mbele yenu asome maisha ya Mama Dancille Tumukunde, na kama sauti inatetemeka mutusamehe, si baridi ya Masisi peke yake.

Mama Dancille alizaliwa tarehe 9 Machi 1980, kwenye kilima cha Rugarama, hapa juu ya Masisi, akiwa binti wa tatu wa Papa Damascène Ndayambaje, mufugaji, na wa Mama Emérence, ambaye mumuone pale kwenye kiti, na ambaye tangu juzi anakataa kula. Alibatizwa siku ya Pasaka ya mwaka ule, akalia toka mwanzo wa misa mpaka mwisho, na wanaomujua wanasema hakunyamaza tena tangu siku hiyo.

Alianza primaire mwaka 1986 kwenye shule ya parokia, akaimaliza mwaka 1992, akaingia secondaire, lakini mwaka 1996 vita ikafunga shule, naye hakurudi tena darasani. Waalimu wake walimukumbuka kwa jambo moja tu, kila ukuta wa shule ulikuwa na ng'ombe aliyechorwa kwa makaa, na yeye njo alipigwa fimbo kwa kila ng'ombe, hata wale ambao hakuwachora. Wala hawakuwa ng'ombe wa kubuni. Kwetu wafugaji ng'ombe anajulikana kama muntu, kwa jina lake, kwa madoa yake, kwa pembe zake na kwa mama aliyemuzaa, na jioni Papa Damascène alikuwa anamusimamisha binti yake kwenye mulango wa boma, amutajie kila mumoja anayeingia.

Kuanzia mwaka 1998 alifanya kazi ya maziwa na fromaji, jibini yetu ya hapa, akiuza kwenye soko la Masisi, na tarehe 12 Agosti 2000 alifunga ndoa na Papa Evode Nsengimana, muchungaji wa ng'ombe, mupole kupita kiasi, mpaka watu walisema Mungu amemupatia Dancille mume asiyesema ili maneno ya nyumba yatoshe. Walijaliwa watoto watatu, Thierry mwaka 2001, Natacha mwaka 2005 na Gisa mwaka 2011, wote wako hapa mbele yenu.

Tarehe 21 Februari 2023 watu wenye silaha walifika Rugarama, wakachukua ng'ombe wote wa Papa Damascène, na yeye aliyesimama mulangoni pa boma kuwazuia wakamuua palepale. Ni nani hatutasema, ninyi munajua, sisi tunajua, na wao wanajua kama tunajua. Mama Dancille akakimbia na watoto mpaka Bweremana, kwenye kambi ya wahami wa vita, na Papa Evode akabaki huku mulimani kuchunga ng'ombe wa wengine, kwa sababu bila kazi yake watoto wangekula nini?

Kule kambini njo alianza tena kuchora. Alipata bashi iliyopasuka, lile turubai la plastiki ambalo wahami wanalala chini yake, akachukua makaa, udongo mwekundu na chokaa, akawachora ng'ombe wa baba yake wakirudi nyumbani, wakubwa kabisa, ungesema watakukanyaga. Kaka Viateur, muchoraji, ambaye alikuwa anakusanya kazi za wasanii walioumizwa na vita ili azizungushe toka Bweremana mpaka Masisi, Walikale na Hombo, alipoiona akamuomba aiweke kwenye maonyesho yake. Sharti lilikuwa moja kwa wote, musichore sura ya muntu, wala nguo ya askari, wala silaha, tusije tukazikana. Mama Dancille akacheka, akasema yeye iko na ng'ombe tu, na nani atamuuliza muntu juu ya ng'ombe? Ndugu zangu, mwanamuke aliyekulia bomani alisahau kama kwetu madoa ya ng'ombe njo sura yake.

Jumamosi tarehe 15 Juni 2024 maonyesho yakafunguliwa hapa Masisi, kwenye salle, ukumbi wa parokia, watu wakajaa kuliko siku ya Noeli. Kulikuwa fundi mumoja wa Walikale aliyesimamisha milango ya nyumba zilizochomwa, milango mitupu bila kuta, na watu walipita ndani yake wameinamisha kichwa. Kisha wakafika kwenye bashi ya Mama Dancille, wakafurahi, wakapiga makofi, mpaka muzee mumoja muchungaji akamunyoshea kidole ng'ombe mwekundu mwenye pembe ya kushoto iliyoinama, akamuita kwa jina, halafu bila kufikiri akasema kama huyu alimuona juzi akikamuliwa, na akasema ni kwenye boma la nani. Yesu wangu! Wengine walikuwa wameisha kuwatambua wale ng'ombe waliobaki, wakatoka mumoja mumoja wakiangalia chini, na Mama Dancille akabaki peke yake ameshikilia ukuta.

Jumatatu asubuhi wanaume watatu wakamufikia Papa Evode malishoni, wakamusalimia vizuri, wakaomba maziwa, wakanywa, wakauliza habari za bibi yake na za watoto, kila mutoto kwa jina lake, na hapo njo alielewa. Wakamuambia ile picha isionekane tena mahali popote, ao yeye hatachunga tena. Wakarudisha kikombe, wakasema asante.

Lakini maonyesho yalikuwa yameisha kuondoka kwenda Walikale, na Mama Dancille akapanda moto, pikipiki ya kukodi, kuyafuata, kupitia Nyabiondo, katika matope na vizuizi vya njiani. Alituambia baadaye kama vizuizi havikumutisha, aliogopa simu yake kulia tu, maana ingelia kwa habari moja. Alipofika Walikale Viateur akamusihi aichome ile bashi, yaishe. Hakuweza. Ng'ombe wa baba yake hawakuwa tena na mahali pengine pa kusimama kama ng'ombe wake. Akaomba ndoo ya chokaa, na mchana kweupe, mbele ya wenzake wote, akaanza kufunika madoa, akapaka chokaa ng'ombe mumoja baada ya mwingine, pembe na yote, akimuita kila mumoja kwa sauti ya chini kabla ya kumufuta, na Viateur aliyemushikia ndoo alilia kama mutoto. Bashi ikatundikwa hivyo, Walikale na Hombo, na watu wa pori, wasiofuga, walisimama mbele yake wakiuliza kwa nini ng'ombe hawa ni weupe namna hii, naye akawajibu kama kwetu juu baridi ni kali.

Papa Evode akaachwa hai. Lakini Mama Dancille aliyerudi Rugarama hakuwa yule wa zamani, mbwa akibweka anasimama, moto ikipita anawahesabu watoto, na yule asiyenyamaza alianza kunyamaza. Mwezi wa Agosti waganga wa hospitali walimukuta na tension, damu imepanda, tarehe 19 Oktoba akaanguka jikoni, mukono wa kuume ukafa, ule wa kuchorea, na Jumamosi tarehe 2 Novemba 2024, asubuhi, akatutoka hospitalini, mume wake akiwa pembeni ya kitanda. Waganga wanasema ni tension. Sisi tunasema ni uoga.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomuangalia kama dada yao, majirani wa Rugarama waliomubeba kwa mabega mpaka barabarani, wamama wa soko waliopika tangu juzi, na wasanii wenzake waliofika toka Walikale na Hombo na ile bashi, muiangalie, imetundikwa pale nyuma ya sanduku.

Jana wale wanaume watatu walirudi, wakatupa pole, wakaleta hata mufuko wa maharagwe ya matanga, na wakaomba kitu kimoja tu, siku ya leo jina la ng'ombe lisitajwe. Sisi familia tuliitika, tuliogopa, tungefanya nini? Lakini Papa Evode amekataa. Anasema ile chokaa ilipakwa kwa ajili yake, na haiwezekani amuzike mwanamuke aliyefuta baba yake mwenyewe ili mume aishi, halafu yeye arudi nyumbani kunywa chai. Atasimama kwenye kaburi, atawaita ng'ombe wa baba mukwe wake wote kwa majina, na kwa kila mumoja atasema leo iko kwenye boma gani. Tumemupigia magoti, hakusikia. Basi mwenye kuogopa ashuke sasa na watoto wake, njia ya nyuma ya kanisa iko wazi, hatutamulaumu muntu.

Mama Thierry, pumzika kwa amani, uoga tuachie sisi. Papa Evode, simama.